UZI: Shaba au alumini kwenye hitisinki ya prosesa? Haya ndiyo niliyoyaona kwenye mashine za Lamu

#1 Fundi wa Langoni

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Kuna swali la hitisinki (kile kipande cha metali chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kuipooza) ninaloulizwa dukani kila wiki, na kila nikilijibu kwa mdomo mtu huondoka na nusu ya jibu. "Fundi, nitolee hii ya alumini uniwekee ya shaba, nasikia alumini haifai kwa joto la kwetu." Leo nimekaa nilijibu lote, kwa sababu juzi nimefungua mashine iliyonionyesha kwa macho jambo ambalo miaka yote nilikuwa nalihisi tu.

Mashine yenyewe ni ya ofisi moja iliyo hatua chache kutoka baharini, dirisha linatazama maji. Prosesa ya wati 84. Malalamiko: asubuhi haina neno, ikifika saa nane mchana inazima yenyewe. Niliiwasha nikaangalia nyuzi za joto. Ikiwa imekaa tu bila kazi ilikuwa 68, nikafungua jedwali kubwa la hesabu ikapanda mpaka 100, na prosesa ikaanza kujipunguzia mwendo ili isiungue. Kabla ya kuniletea walikuwa wamebadilisha pesti (ule uji wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki) mara mbili na kununua feni mpya. Mtu wa mwisho aliwaambia tatizo ni alumini, wanunue hitisinki ya shaba tupu.

Nikaing'oa. Ni zile za duara zinazokuja pamoja na prosesa: alumini pande zote, katikati kigogo cha shaba unene wa dole gumba. Pale shaba inapokutana na alumini palikuwa na pete ya unga mweupe, mkavu juu, unyevunyevu chini. Nilipoikwaruza kwa kucha, alumini ilimeguka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Halafu nikakishika kile kigogo cha shaba, ambacho kiwandani hushindiliwa kwa nguvu kikabana kabisa, na kikazunguka. Nilikizungusha kwa vidole viwili.

Hapo ndipo penye jibu. Joto lilikuwa linatoka kwenye prosesa, linaingia kwenye shaba vizuri sana, halafu linakosa njia ya kuvuka kwenda kwenye mapezi (zile bapa nyembamba zinazopigwa upepo na feni). Shaba ilikuwa nzima, mapezi yalikuwa mazima, na feni ilikuwa mpya. Kilichokufa ni mpaka kati ya metali mbili, na kilichoua ni hewa ya bahari.

Sasa nieleze metali zenyewe, maana bila hesabu tutabaki kwenye uvumi.

Uwezo wa kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa mita kwa nyuzi. Shaba safi ni kama 400. Alumini safi ni 237, lakini hitisinki nyingi hazitengenezwi kwa alumini safi, hutengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) iitwayo 6063, nayo ni karibu 200. Kwa hiyo ukiweka kipande cha shaba na kipande cha aloi hiyo vya ukubwa mmoja, shaba inapitisha joto mara mbili. Hilo ni kweli na halina ubishi.

Lakini tazama uzito. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ni gramu 8.96, ya alumini ni 2.70. Hitisinki yenye sentimita za ujazo 150 za metali itakuwa gramu 405 ikiwa ya alumini, na gramu 1344 ikiwa ya shaba. Kilo moja na robo na zaidi, inaning'inia kwenye bodi iliyosimama wima ndani ya kasha, imeshikwa na pini nne za plastiki. Na sisi hapa mashine hupanda mashua, hushuka gatini, hupanda punda, hupita vichochoro vya mawe mpaka ifike kwa mwenyewe. Mimi siwezi kumfungia mtu kilo nzima ya shaba juu ya prosesa kisha nilale usingizi.

Bei nayo. Kilo ya shaba sokoni ni karibu mara nne ya kilo ya alumini. Zidisha na uzito, umbo lile lile la shaba linakula metali ya zaidi ya mara kumi kwa bei.

Hitisinki ina kazi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kulitoa joto mahali padogo na kulitandaza. Ya pili ni kuliachia hewani. Kazi ya kwanza ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Chukua pasi ya umeme ya wati 1000 yenye uso wa sentimita mraba 200: kila sentimita mraba inabeba wati 5. Kiini (kile kipande kidogo ndani ya prosesa kinachotoa joto) cha prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne kina milimita mraba 177, yaani chini ya sentimita mraba mbili, na kinaweza kutoa wati 84. Hiyo ni wati 47 kwa kila sentimita mraba. Mara tisa ya pasi! Hapo pembeni ya kiini ndipo shaba inapostahili pesa yake. Nimepiga hesabu: joto hilo likipita kwenye sahani ya milimita 5, ya shaba itapoteza nyuzi 6 kati ya upande na upande, ya alumini itapoteza 12.

Kazi ya pili ni ya hewa. Hapo kinachohitajika ni mapezi mengi, membamba, yenye nafasi, na feni inayosukuma. Pezi la alumini linatosha kabisa.

Kwa hiyo rai yangu: shaba chini, alumini juu, na mpaka kati yao uwe umechomewa kwa risasi ya kulehemu au kupakwa nikeli. Shaba tupu kwa kompyuta ya ofisi Lamu ni pesa iliyotupwa. Karibuni tujadiliane.


#2 Malindi Gemu

Waaleikum salaam kaka fundi. Uzi mzuri, ila mimi nilivyofundishwa ni hivi: shaba inavuta joto haraka lakini inalishika, alumini inavuta polepole lakini inaliachia haraka. Ndiyo maana mapezi ni ya alumini. Si suala la bei.

Pili, hapa Malindi sisi wa magemu tumeshaacha pesti, tunatumia metali ya maji ile ya gali (galiamu). Inashusha nyuzi vibaya mno. Kuna chupa mbili nimeagiza, nataka niipake kwenye laptopu na kwenye dezktopu.


#3 Fundi wa Langoni

Malindi Gemu, la pili kwanza, na nakuomba usome kabla hujafungua chupa.

Galiamu na alumini haziwekwi chumba kimoja. Galiamu ikigusa alumini iliyokwaruzika inaingia ndani ya metali, inapita kati ya chembe zake, na alumini inageuka kuwa kitu cha kuvunjika kwa mkono. Si baada ya miaka, ni baada ya saa chache. Galiamu yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 29.8, kwa hiyo hapa pwani mwezi wa Machi iko maji juu ya meza tu, na aloi zake za dukani ni maji hata kukiwa na baridi. Tone likikutoka likaangukia mapezi, hitisinki hiyo sahau. Tone likiangukia bodi, linapitisha umeme, na hapo utakuwa umeua kila kitu.

Kwenye shaba haileti balaa hilo, ila inanyonywa kidogo kidogo, inaacha doa la kijivu na baada ya muda inabidi upake tena. Kwenye shaba iliyopakwa nikeli inakaa vizuri zaidi. Kwa hiyo geuza hitisinki yako uitazame uso wa chini. Ikiwa ni nyeupe usiseme "hii ni nikeli" kwa kudhania. Ikiwa huna hakika, tumia pesti.

Hilo la kuvuta na kuachia nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi na nililiamini miaka. Si kweli. Metali haina mlango wa kuingia mwepesi na wa kutoka mgumu. Njia ni moja. Inayopitisha vizuri kwenda ndani ndiyo inayopitisha vizuri kwenda nje.

Kilichowafanya watu waamini hivyo ni hiki. Sentimita ya ujazo ya shaba inahitaji juli 3.45 kupanda nyuzi moja, ya alumini inahitaji 2.42. Kwa hiyo donge la shaba linachelewa kidogo kupata moto na, ukizima, linachelewa kupoa. Ukiligusa dakika tano baada ya kuzima unasema "aa, limeshika joto". Lakini mashine ikishafanya kazi robo saa, mambo yametulia: joto linaloingia ndilo linalotoka. Hapo akiba ya metali haina kauli tena. Ni kama jabia la nyumba: kubwa linachelewa kujaa, lakini likishajaa, maji yanayofurika ni yale yale yanayoingia.


#4 Mwalimu wa Fizikia, Amu

Shekhe fundi, umeandika vizuri na nimefurahi kuona mtu anapiga hesabu hadharani. Niruhusu nikurekebishe mahali pamoja, kwa sababu wanafunzi wangu wanasoma humu.

Ile sahani ya milimita 5 umeiwekea wati 47 kwa sentimita mraba kana kwamba imelala juu ya kiini chenyewe. Kwenye dezktopu sivyo. Prosesa ina kofia ya metali juu yake, na kofia hiyo ni ya shaba iliyopakwa nikeli. Joto likifika kwenye hitisinki limeshatandaa. Tuseme limeenea kwenye eneo la sentimita 3 kwa 3. Wati 84 ugawanye kwa 9, unapata kama 9 kwa sentimita mraba. Sasa sahani ya shaba ya milimita 5 inapoteza nyuzi 1.2, na ya alumini 2.3. Tofauti ya metali zako mbili kwenye sahani ni nyuzi moja hivi, si sita.

Halafu linganisha na vitu vingine kwenye njia hiyo hiyo ya joto. Pesti nzuri hupitisha kama 5, kwa kipimo kile kile ambacho shaba ni 400. Ukiipaka unene wa milimita 0.1, inapoteza karibu nyuzi 2. Yaani utando wa pesti, mwembamba kuliko karatasi mbili za daftari, unashinda tofauti yote ya shaba na alumini kwenye sahani.

Na hewa? Hewa iliyotulia ni 0.026. Hiyo ni chini ya shaba mara elfu kumi na tano. Kigogo chako kilichozunguka kwa vidole kilikuwa na nafasi pembeni yake, labda ya unene wa unywele. Nafasi ya unywele ya hewa na unga inatosha kufuta kila faida ya shaba. Umeliona kwa macho na hesabu inakuunga mkono, ila kwa sababu kubwa kuliko uliyoiandika.


#5 Fundi wa Langoni

Mwalimu, nimekubali, na nashukuru. Kofia niliisahau kwenye hesabu. Waliosoma #1 wachukue namba za Mwalimu kwa dezktopu.

Ila sasa umenifungulia jambo jingine. Laptopu haina kofia. Kiini kiko wazi, unakiona kinang'aa kama kioo, na hitisinki inalala juu yake moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye laptopu ile hesabu yangu ya kwanza inakaribia ukweli, japo wati zake ni chache. Ndiyo maana ukifungua laptopu yoyote, hata ya bei ndogo, kile kipande kinachogusa kiini ni shaba karibu mara zote, na mirija yake ni ya shaba.

Hiyo mirija nayo watu wanaidharau. Mtu ananiuliza "huu waya mnene wa shaba ni wa nini?" Si waya, ni mrija mtupu ndani, umefungwa, umetolewa hewa na kuachiwa maji kidogo sana. Kwenye kuta zake za ndani kuna unga wa shaba uliokaangwa mpaka ukashikana kama utambi. Upande wa prosesa maji yanachemka kwa joto dogo kwa sababu hewa imetolewa, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji, utambi unayarudisha. Mrija huo unasafirisha joto mara nyingi zaidi ya fimbo ya shaba ya unene huo huo. George Grover na wenzake waliutengeneza Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Ukiukunja kwa pembe kali ukabonyea, au ukaupiga tobo, umebaki bomba tupu. Nimeshawaona watu wakiukunja kwa koleo ili laptopu ifungike. Tafadhali, msifanye hivyo.


#6 Sonara Mdogo

Salamu kwenu nyote. Mimi kazi yangu ni fedha, pete na mikufu, kwa hiyo nimeusoma uzi kwa hamu. Mbona hamjaitaja fedha? Babu alikuwa akituambia ukitaka kujua kama pete ni fedha kweli, weka kipande cha barafu juu yake, kitayeyuka mbio. Fedha si ndiyo ya kwanza kwa kupitisha joto?


#7 Mwalimu wa Fizikia, Amu

Ndiyo, Sonara. Fedha ni 429, ya kwanza miongoni mwa metali safi. Lakini inaizidi shaba kwa asilimia 7 tu. Dhahabu ni 318, iko chini ya shaba. Kwa hiyo ukitengeneza hitisinki ya fedha tupu utapata faida ambayo kipimajoto cha kompyuta hakitaiona, kwa bei ambayo kila mtu ataiona. Na jaribio la babu yako ni zuri, nitalipeleka darasani, ila wanafunzi wajue kwamba shaba nayo itayeyusha barafu karibu sawasawa.


#8 Kijana wa Skrapu

Shikamooni wakubwa. Mimi naokota na kununua skrapu. Nina sinia la shaba nyeupe, zito, limeng'olewa kwenye nyumba ya zamani, na nina madele ya kahawa mawili yaliyotoboka. Fundi, haiwezekani kukata kipande cha milimita tano nikakiweka chini ya hitisinki ya alumini badala ya kununua? Na kuna fundi anayeyeyusha alumini ya sufuria, akatumwagia mapezi kwenye mchanga?


#9 Fundi wa Langoni

Marahaba mwanangu. Nakusifu kwa kufikiri, na jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Nikueleze sababu.

Kwetu tunaita shaba vitu viwili. Shaba nyekundu ndiyo ile ya waya, ile ya 400. Shaba nyeupe, ya sinia na ya dele, ni shaba iliyochanganywa na zinki, na ikishachanganywa uwezo wake wa kupitisha joto unaanguka mpaka 110 au 120. Iko chini ya alumini! Ile siwa yetu (baragumu la kale) iliyoko makumbusho ya Lamu inaitwa ya shaba, na kwa sauti haina mpinzani, lakini kama ingekuwa hitisinki ingeshindwa na sufuria. Kwa hiyo sinia lako ukiliweka kati ya prosesa na alumini umeongeza kizuizi, pamoja na uso mmoja zaidi wa kupaka pesti. Usilikate. Sinia zee kama hilo lina thamani likiwa sinia.

Alumini ya skrapu ni hivyo hivyo. Sufuria, vipande vya injini, fremu za madirisha, zote zikiyeyushwa pamoja zinatoa aloi yenye silikoni, shaba na chuma ndani yake. Alumini ya kumwaga kwenye kalibu mara nyingi ni karibu 100, nusu ya ile ya 6063 inayosukumwa kiwandani. Na mchanga hauwezi kukupa pezi la milimita moja. Utapata mapezi manene machache, na hewa haitakuwa na mahali pa kupita.

Ila waya wa shaba nyekundu ukiupata, njoo dukani tuongee.


#10 Fundi Mashine za Bahari

Mimi ni mtu wa injini za mashua, miaka ishirini na tatu sasa, kompyuta sizijui. Kijana wangu amenisomea #1 na nimemwambia aniandikie haya.

Unga mweupe huo nauona kila siku. Injini ya mashua mwili wake ni alumini, na ndani yake kuna mhimili wa chuma cha pua, na mara nyingine vipande vya shaba. Ukiziweka metali mbili kwenye maji ya chumvi umetengeneza betri. Metali dhaifu inaliwa, yenye nguvu inabaki inang'aa. Kati ya shaba na alumini, inayoliwa ni alumini, siku zote. Ndiyo maana injini huja na vipande vya zinki vimefungwa nje. Zinki inajitoa iliwe yenyewe, mwili upone. Manahodha wasiojua huipaka rangi zinki ipendeze, na hapo wanakuwa wameifunga mdomo. Miezi michache baadaye wananiletea mguu wa injini umetoboka.

Sasa fundi, swali langu: kompyuta haiingii majini. Hayo maji ya betri yanatoka wapi?


#11 Fundi wa Langoni

Ami, umeuliza swali ambalo ningependa kila mwenye mashine pwani alijue.

Maji yanatoka hewani. Mawimbi yakipasuka yanarusha matone madogo sana, upepo unayabeba, maji yanakauka na chumvi inabaki ikielea. Kusi ikivuma unaisikia mdomoni ukisimama barazani. Feni ya kompyuta inavuta hewa hiyo mchana kutwa na kuipitisha kati ya mapezi. Chumvi inanasa.

Na chumvi ina tabia ya kunywa maji. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, inaanza kuyeyuka yenyewe bila kumwagiwa tone. Chumvi ya bahari ina magnesi pia ndani yake, na kloridi ya magnesi inaanza kunywa kwenye asilimia 33 tu. Unyevu wetu wa Lamu unaujua. Kwa hiyo usiku mashine ikiwa imezimwa na imepoa, ule utando wa chumvi juu ya mapezi unalowa. Asubuhi ikiwashwa unakauka. Usiku unalowa tena. Betri yako ya mashua iko mezani, ni nyembamba tu.

Na kwa sababu ni utando na si bahari nzima, umeme wake haufiki mbali. Unakula milimita chache karibu na mpaka wa metali mbili, basi. Ndiyo maana mapezi ya ile mashine kwa nje yalikuwa mazuri na shaba inang'aa, na palioza pale katikati tu. Mtu anayefuta vumbi kwa juu haoni chochote.


#12 Malindi Gemu

Nimerudi. Chupa sikufungua. Nimegeuza hitisinki ya dezktopu: chini kuna mirija minne ya shaba imesagwa bapa, imelala ndani ya alumini, inagusa prosesa yenyewe. Hakuna nikeli. Mirija ina rangi ya kahawia yenye madoa ya kijani. Je, hiyo kijani inazuia joto? Niisugue kwa ndimu na chumvi kama mama anavyosugua vyombo?


#13 Fundi wa Langoni

Afadhali hukuifungua, maana alumini iko pale pale pembeni ya mirija.

Ile kahawia ni shaba na hewa, utando mwembamba mno, usihangaike nao. Ile kijani ni shaba na chumvi ya bahari. Ikiwa ni doa laini, haikupunguzii kitu cha kupimika. Ikiwa imekuwa chembe zinazokwaruza kidole, itoe, kwa sababu chembe zinainua hitisinki na kuacha hewa chini, na Mwalimu ameshatupa namba ya hewa.

Ndimu na chumvi, hapana! Nielewe: itang'aa kweli, lakini utakuwa umemwaga tindikali na chumvi ndani ya mpaka wa shaba na alumini, mahali ambapo huwezi kupasuuza. Vua feni. Uso wa chini ufute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kama kuna chembe, tumia msasa laini sana uliobandikwa kwenye kioo, vuta upande mmoja, polepole. Kisha osha hitisinki yote, ikiwa imetolewa kwenye bodi, kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Na hapo kwenye maji nawaomba wa Lamu mnisikilize. Maji ya visima vingi vya mji yana munyo. Ukiyatumia umeongeza ulichotaka kutoa. Maji ya mvua ndiyo mazuri. Mimi dukani nina ndoo mbili za mvua, moja ya kuosha na moja ya kusuuza. Kausha juani, mapezi yakitazama chini, saa nne au tano, na usiifunge mpaka uwe na hakika hakuna tone kwenye mizizi ya mapezi. Kwa mashine iliyo karibu na bahari nafanya hivi mara mbili kwa mwaka.


#14 Binti wa Shela

Fundi, habari za leo. Mimi nasimamia ofisi ya nyumba ya wageni huku Shela, juu ya mchanga kabisa. Nimesoma yote, mengine yamenipita, lakini nina swali la mtu wa kutumia tu. Kompyuta ya mapokezi inapiga kelele sana mchana na kuganda wageni wakiwa wamesimama wanasubiri risiti. Nimeambiwa ninunue hitisinki kubwa ya shaba, bei yake inakaribia nusu ya kompyuta. Ninunue au nisinunue?


#15 Fundi wa Langoni

Dada, usinunue kwanza. Fanya hivi jioni, mkishafunga kazi.

Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha. Mulika kwa tochi ya simu kati ya mapezi. Kama kuna vumbi lililoshikana kama sufi, hilo linaweza kuwa tatizo lote. Halafu tazama ilivyo hitisinki yenyewe. Ikiwa ni alumini tupu, hata chini hakuna shaba, nafurahi, kwa sababu haina mpaka wa kuliwa. Watu wanaidharau alumini tupu, mimi kwa mashine ya risiti na barua karibu na bahari naipenda. Iwe kubwa kidogo, mapezi yake yawe na nafasi ya kupitisha njiti ya kiberiti, na isafishwe. Hiyo itaishi.

Ikiwa ina shaba katikati, tazama mzunguko wa shaba ilipoingia kwenye alumini. Unga mweupe?

Ikibidi kununua, waulize mambo mawili. Mirija na mapezi yamelehemiwa au yamebanwa tu? Na imepakwa nikeli yote au sehemu? Iliyolehemiwa haina nafasi ya chumvi kuingia, na nikeli inazitenga metali na hewa mradi haijakwaruzika. Hiyo ni bora kwako kuliko shaba tupu, na ni nyepesi.

Na sogeza kasha mbali na dirisha. Hata hatua tatu.


#16 Binti wa Shela

Nimefungua. Ina shaba katikati, mviringo. Kuna unga mweupe, si pande zote, ni kama mwezi mwandamo upande unaotazama dirisha. Vumbi nalo lipo, limelowa, nilidhani ni uchafu wa kawaida. Nimejaribu kuisukuma ile shaba kwa kidole kama ulivyoandika, haijazunguka.


#17 Fundi wa Langoni

Basi umeiwahi. Usiifute wala usiimwagie kitu, niachie niuone ulivyo. Fungeni kasha, msiiwashe kesho. Ilete na mashua ya asubuhi, mimi nitakuwa dukani kuanzia saa mbili. Nina hitisinki ya alumini tupu ya prosesa za aina hiyo, nitakufungia hiyo uendelee na wageni wako, na ya kwako nitaikata katikati kwa msumeno. Mwalimu, ukitaka kuja na wanafunzi waone mpaka ulivyoliwa kwa ndani, nitasubiri mpaka saa tano.


#18 Mwalimu wa Fizikia, Amu

Tutakuja wanane. Nakuja na barafu na pete ya Sonara.